Chumba cha Kuchora Nyumbani kwa Babu

Jumatatu, 3 Agosti

Binti yangu kapiga simu asubuhi. Shule zimefungwa, yeye na mumewe wako kazini kutwa, wajukuu wanaletwa kwangu Jumamosi. Moyo ukaruka! Kisha akatoa la pili, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Wiki ya kwanza watalala kwangu. Baada ya hapo wachague wenyewe wamalizie likizo wapi: kwangu, au kwa bibi yao mzaa baba, mtaa wa pili.

Bibi yao mzaa baba! Kimoyomoyo namwita Bi Vitambaa. Nyumbani kwake kila kitu kimevishwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Kochi lina kitambaa. Redio ina kitambaa. Kopo la chumvi lina kitambaa. Ukikaa pale bila kujitikisa, na wewe unavishwa. Likizo iliyopita watoto walimchagua yeye. Ana televisheni kubwa kama mlango wa ghala, na bembea uani. Mimi nina redio na magoti mabovu.

Likizo ile nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naiitikia friji ikikohoa. Sirudii tena. Safari hii lazima wachague kwangu, nisipofanikiwa hapo basi tena, watazoea kule na mimi nitabaki babu wa picha ukutani.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Wazo limenijia nikipiga mswaki: chumba cha kuchora! Rangi, karatasi, meza ndogo, ukuta mzima wa kuandika kwa chaki. Hiyo televisheni itakiona cha mtema kuni.

Chumba kipo. Kile cha cherehani, cha marehemu mke wangu. Kesho natoa kila kitu.

Jumanne, 4 Agosti

Sijatoa kila kitu.

Nilianza vizuri, mikono nimekunja. Kwanza kikapu cha mabaki ya vitambaa. Nikakifikisha mlangoni. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha njano chenye madoadoa. Gauni la binti yangu la siku ya kwanza shuleni! Kola ilimwasha, akalia, akagoma kuondoka. Mama yake akaifumua pale pale, akaishona upya mtoto akiwa kasimama kwenye kiti na shimizi, mimi nalisha wote wawili mkate ili tusichelewe. Tulichelewa. Nimerudisha kikapu.

Halafu lile sanamu lisilo na kichwa, la kupimia magauni. Nikalipeleka sebuleni. Nikaenda kunawa. Niliporudi nikaliamkia. Nimelirudisha.

Mwisho cherehani yenyewe. Nimegusa gurudumu, likazunguka, likatoa ule mlio. Ee Mungu, mlio ule! Nikitoka kazini bohari nilikuwa nausikia tokea getini na kujua hali ya hewa ya nyumba. Ukienda mbio, kuna mteja anasubiri. Ukienda kidogo na kusimama kidogo, yuko na jirani wanamsema mtu. Usiposikika kabisa, kuna kitu nimesahau kununua. Nimekaa kwenye kigoda chake nikalizungusha mpaka mkono ukachoka.

Matokeo ya siku nzima: nimetoa ndoo mbovu na mende mmoja.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango umebadilika. Cherehani inabaki. Chumba cha kuchora kitaizunguka.

Nimemwita fundi seremala. Mtaani wanamwita Fundi Kesho, lakini mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya watu. Nimemwagiza meza ya watoto na vigoda viwili. Akauliza kimo cha watoto. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa. Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja changu, akatikisa kichwa kitaalamu, akasema niondoe shaka, kesho.

Bi Vitambaa kapita nje akaniuliza kulikoni, mbona nina vumbi kichwani. Nimemjibu kwamba mtu mzima ana mambo yake. Akasema amewanunulia watoto mchezo mpya wa kwenye televisheni. Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua.

Alhamisi, 6 Agosti

Kesho ya fundi imefika, fundi hajafika.

Nimeenda duka la vifaa kutafuta rangi nyeusi ya ubao. Imekwisha. Muuzaji kanipa pole. Pole ya nini? Alikuwa hajui anaongea na nani!

Tulipokuwa watoto, ubao wa darasa ulikuwa ukififia tunautia weusi wenyewe. Kila mmoja analeta chake: huyu mkaa, huyu masizi ya chungu, huyu majani mabichi. Tunatwanga kwenye kopo, tunachanganya, tunasugua kwa matambara huku tunaimba. Tunarudi nyumbani weusi kama vyungu, mama zetu wanatusimamisha uani kwa ndoo ya maji kabla hatujakanyaga mlango. Katika kazi ile hakuna aliyeniweza. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Sifa nyingine nilizopata shuleni sizikumbuki.

Basi nikatwanga! Nikakwangua masufuria yote, nikaponda mkaa, nikachuma majani ya uani. Nimesugua ukuta mzima huku naimba. Nyimbo nilidhani nimezisahau, kumbe zilikuwa zinangoja masizi tu. Ukuta umetoka mweusi tii, unang'aa. Nimeandika KARIBUNI kwa mwandiko wangu wa bohari. Nimesimama nikautazama mpaka njaa ikauma. Laiti mama watoto angeuona! Angesema nimechafua ukuta wake, halafu angeita majirani waje kuona.

Ijumaa, 7 Agosti

Fundi kaja. Kaleta meza. Ebo! Imenifika kwenye muundi wa mguu. Paka angeinama kuilia. Nimemwuliza hii meza ya watoto au ya kuku. Akajitetea kwamba amepima mkono wangu, tena mbele yangu mwenyewe.

Nimebisha mpaka jasho likanitoka. Baadaye, peke yangu, nimenyoosha mkono tena, hapa, kama nilivyomwonyesha. Nikagundua. Hapa ndipo kilipokuwa kichwa cha binti yangu alipokuwa akinikimbilia getini nikitoka kazini. Mkono umekumbuka mtoto mwingine. Wajukuu wamekwisha kunifika kifuani, nawashusha chini kila nikiwafikiria.

Meza nimeipokea. Fundi sijamweleza chochote.

Jioni nimepanga rafu. Lebo kila mahali: NYEKUNDU. BULUU. MKASI (MARUFUKU). Nimebandika na kanuni mlangoni. Kalamu ya rangi hutolewa moja moja. Anayetaka nyingine arudishe ya kwanza. Bohari yangu haikupotelewa na msumari, sembuse kalamu.

Jumamosi, 8 Agosti

Wamefika! Mkubwa ni wa kike, miaka saba. Namwita Kwa Nini, kwa sababu zake mwenyewe. Mdogo ni Bonge. Bonge haongei sana, anakula.

Nimefungua mlango kwa shangwe. Kwa Nini akasoma kanuni zote kwa sauti, akauliza kwa nini kalamu moja. Nikamweleza utaratibu. Akauliza, jua la njano likizama kwenye bahari ya buluu, je, jua lisubiri babu afungue rafu? Nikamwambia ndiyo, lisubiri. Bonge wakati huo alikuwa keshamaliza chaki ya pinki. Nilipomwangalia mdomo ulikuwa unatoa povu la waridi.

Meza wakaigeuza. Sasa ni kitanda cha mwanasesere.

Nao ukuta, wapi! Ukiandika, chaki inachukua masizi. Ukifuta, mkono unachukua ukuta. Ukiegemea, mgongo unachukua vyote viwili. Ule wa shule ulikuwa ubao wa mbao, unakunywa weusi. Huu una chokaa, unautema. Kufikia adhuhuri nilikuwa na wajukuu wawili weusi kama mashimo ya usiku, wanacheka, nami nimewasimamisha uani kwa ndoo ya maji. Nimewamwagia huku nacheka mwenyewe. Mama yangu alikuwa akituogesha hivyo hivyo, na kutukaripia huku anageuka upande ili tusimwone akicheka.

Masizi hayakutoka yote. Nikasema si kitu.

Jumapili, 9 Agosti

Ni kitu.

Bi Vitambaa aliwaita watoto chakula cha mchana. Nimewavisha nguo safi. Sikufikiria visogo, viwiko na nyuma ya masikio. Watoto wakala, wakashiba, wakajinyoosha kwenye makochi. Makochi yote. Tena wakacheza kombolela nyuma ya mapazia.

Saa za jioni kaja mlangoni kwangu na mfuko. Akavitoa vitambaa kimoja kimoja, akavitandaza mezani mwangu. Vyeupe vyote vimekuwa na vichwa vya watoto vilivyochapwa, mviringo kabisa, na kimoja kina pua. Nikasema, bahati mbaya. Akasema mtoto hafundishwi uchafu na babu yake. Nikasema katika nyumba hii watoto wanafundishwa sanaa, siyo kutazama kioo mpaka macho yawe mraba. Akauliza sanaa gani, hiyo ya pua?

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokwenda mbele yangu. Nikamtangazia maonyesho! Jumamosi ijayo, saa kumi, chumba cha kuchora. Aje aone. Na siku hiyo hiyo watoto wachague. Akasema atakuja, tena mapema.

Nimelala chali natazama dari. Hakuna hata picha moja.

Jumanne, 11 Agosti

Siku mbili zimepotea bure. Hawachori! Nimewatandikia karatasi, nimenoa kalamu zote, nimesimama pembeni na mikono nyuma. Wao wako chini ya cherehani. Kikanyagio kimekuwa gari. Bonge ni dereva, analala kifudifudi, anakanyaga kwa viganja. Kwa Nini ni abiria mkorofi.

Halafu wamefukunyua kopo la vifungo. Kwa Nini akanishika mkono, akauliza hiki cha nani. Nikamwambia haraka haraka, cha koti langu la harusi. Na hiki? Cha gauni la mama yako, alikimeza, tukangoja, kikarudi. Wakacheka mpaka Bonge akapata kwikwi. Na hiki kikubwa cha kahawia? Nikakipangusa kwa shati. Cha koti la mvua la bibi yako. Kilidondoka siku tulipohamia hapa, mvua inanyesha, paa bado bovu, akacheza ngoma katikati ya sebule na sufuria kichwani. Kwa Nini akauliza kwa nini alicheza. Nikasema alifurahi. Akauliza kwa nini alifurahi na paa linavuja. Nikasema ndivyo alivyokuwa.

Akauliza tena, namkumbuka sana? Nikamwambia kila siku. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo mtoto.

Chakula kimeungua. Vifungo tumevimaliza jua likizama. Picha: hakuna. Nimejikaripia vikali. Mtu ana maonyesho Jumamosi, anakaa sakafuni anapiga soga!

Alhamisi, 13 Agosti

Hali ni mbaya. Mali iliyopo: picha ya Bonge, ambayo ni mstari mmoja, tena umetokea alipopiga chafya. Na kitu cha Kwa Nini. Kachukua mabaki ya vitambaa, kila kimoja kaniuliza kilitoka wapi, kakoroga gundi ya unga, kabandika vipande na vifungo kwenye kadibodi. Nikamwambia kwa upole kwamba huko si kuchora. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuchora ni kuchora.

Lakini penye nia pana njia. Watoto wamekwenda dukani na mama yao, leo katoka kazini mapema. Nimefunga mlango. Nimeshika kalamu kwa mkono wa kushoto, ili ionekane ya mtoto. Nitachora moja tu, nzuri, niibandike kama ya Kwa Nini. Nani atajua?

Nilikusudia kuchora nyumba na jua. Mkono wa kushoto hauna adabu. Umeanza na mgongo ulioinama. Halafu gurudumu. Halafu kichwa, na kilemba kimekaa upande. Halafu zile pini alizokuwa akizibana midomoni akinisema, maneno yanapita katikati ya pini, nami naogopa atazimeza, nakubali kila kitu ili afunge mdomo. Nilipomaliza nimekaa nikaitazama sana. Mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Cherehani inafanana na mbuzi. Lakini ni yeye.

Nimeandika chini: KWA NINI, MIAKA 7.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku ya vita. Nimevaa tai.

Hakimu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Nimemchagua kwa sababu ni mpole na macho yake hayaoni vizuri. Wakaja wote: mwalimu, binti yangu na mumewe, na Bi Vitambaa, kavaa nguo nyeusi tupu. Kwa ajili ya ukuta, alisema.

Mwalimu akapita taratibu, mikono nyuma. Kwenye vitambaa vya Kwa Nini akasimama. Akamwuliza kipande hiki ni nini. Mtoto akaeleza: hii njano ni mama anakataa kwenda shule. Hivi vifungo ni mvua. Huyu ni bibi anacheza, na hili ni sufuria. Kila kipande na hadithi yake, bila kukosea. Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Mwalimu akasema hajaona kazi ya mtoto kama hii.

Akafika kwenye yangu. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema kwa huruma kwamba hii bila shaka ni ya huyu mdogo, tusimkatishe tamaa, tumshike mkono, ataweza siku moja. Bonge akapiga makofi.

Kwa Nini akasoma jina lake pale chini. Akatangaza mbele ya hadhara kwamba hiyo si yake, ni ya babu, maana ni babu peke yake anayeandika saba yenye mkia. Loo! Walicheka! Mkwe wangu alilazimika kutoka nje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Vitambaa hakucheka. Alisogea karibu na picha. Kisha akasema, hizo pini. Akasema alikuwa anamwogopea azimeze. Akasema mwaka aliofiwa na mumewe hakuwa akiweza kukaa nyumbani kwake, akawa anakuja humu, anaketi kigoda kile, na mke wangu akamtia sindano na uzi mkononi, akamwambia mikono ikiwa na kazi kichwa hupumua. Kitambaa chake cha kwanza alikifumia pale. Ndiyo maana hakuacha tena.

Sikujua. Miaka yote nilidhani wanakaa humu wananisema. Akasema walikuwa wananisema pia.

Machozi yalikuwa yanamtoka wazi. Nikamwambia ni masizi. Nami masizi yakaniingia, macho yote mawili. Ndani ya chumba kile, watu wawili tulimlilia mtu mmoja, watoto wanatutazama, wala hatukuona haya. Akaniomba ile picha. Nikakataa. Nikamwambia lakini aje kuitazama anapotaka. Akasema vizuri, Jumatatu. Nimejiponza mwenyewe!

Halafu wakaulizwa watoto. Kwa Nini hakufikiri hata kidogo: wanabaki kwa babu, na bibi aje huku kila siku na uzi wake. Bonge akauliza kama chakula kipo. NIMESHINDA!

Jumapili, 30 Agosti

Wameondoka leo. Likizo yote walikuwa kwangu, na Bi Vitambaa hakukosa siku. Kigoda kile kile. Anafuma, anaeleza mambo ya marehemu nisiyoyajua, namsahihisha, ananisahihisha, watoto wanabandika vitambaa vyao miguuni petu. Nilimvumilia tu. Mpelelezi huyo, anachunguza mbinu zangu.

Nyumba imenyamaza mapema mno. Nimekuta kifungo ndani ya kiatu changu, nikakitia mfukoni.

Binti yangu kapiga simu wamefika. Kwa Nini kalia njia nzima. Anataka hadithi za babu na bibi, na amekwisha sema likizo ijayo ni kwangu tena. Kisha binti yangu akashusha sauti, akaniomba, Baba tafadhali, usiongeze kitu chochote, usiguse kitu chochote. Wewe kaa tu pale nao sakafuni. Inatosha.

Hadithi! Mtoto wa miaka saba atajuaje anacholilia? Mwenye kujua ni mimi niliyeandaa. Kilichowashika watoto ni utaratibu, na nimegundua penye kasoro: hapakuwa na udongo wa kufinyanga. Likizo ijayo ni kufinyanga asubuhi mpaka jioni! Sebule yote inakuwa shimo la udongo. Makochi yanahamia chumbani, kitanda kitasimama wima.

Bi Vitambaa kanitumia salamu kwamba kesho niende kwake kunywa chai, nyumba zimekuwa kubwa leo, yake na yangu. Mtego huo. Nimemjibu sina nafasi hata ya kupumua, fundi anakuja kung'oa sakafu, tena ameniapia ni kesho asubuhi.